Bakteria wa Kulinda Tumbo la Mgonjwa wa Saratani: Utafiti Umefika Wapi?

Mgonjwa wa saratani akitoka kliniki baada ya kuwekewa dawa kwenye mshipa, mara nyingi siku ya kwanza hupita bila taabu kubwa. Shida humpata akiwa nyumbani. Siku chache baadaye mdomo unachubuka, chakula kinakosa ladha na tumbo linaanza kuendesha. Hapo familia huanza kutafuta suluhu. Jirani analeta maziwa ya kibuyu. Shangazi anashauri vidonge vya "bakteria wazuri" alivyoviona kwenye kemisti. Naye kijana wa nyumba amesoma kwenye simu kwamba wanasayansi wametengeneza bakteria wanaolinda utumbo dhidi ya makali ya dawa za saratani.

Mambo hayo matatu huchanganywa kwa urahisi kwa sababu yote yanahusu bakteria na tumbo. Hata hivyo, kila moja lina habari yake. La kwanza ni chakula, la pili ni bidhaa ya dukani, na la tatu ni utafiti ambao bado haujatoa dawa inayouzwa. Mgonjwa akiyachanganya anaweza kupoteza pesa, na wakati mwingine anaweza kuhatarisha maisha. Makala haya yanaeleza jinsi tibakemikali inavyoumiza tumbo, wanasayansi wanajaribu kufanya nini, na mgonjwa afanye nini leo wakati utafiti ukiendelea.

KWA NINI TUMBO HUUMIA

Saratani ni ugonjwa wa seli zinazogawanyika ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Dawa nyingi za tibakemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kimo, hufanya kazi kwa kushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Tatizo ni kwamba dawa haiwezi kutofautisha kikamilifu seli ya saratani na seli nzima ya mwili yenye kasi kama hiyo.

Mwilini kuna sehemu tatu zenye seli za kasi zinazoumia zaidi. Ya kwanza ni mashina ya nywele, na ndiyo maana nywele hunyonyoka. Ya pili ni uboho ndani ya mifupa, unaotengeneza damu. Ya tatu ni utando wa ndani wa mdomo na utumbo. Utando wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi: seli zilizochakaa hudondoka na nyingine huchipuka kutoka chini. Dawa inapokata machipukizi hayo, zile kuukuu huendelea kudondoka bila kupata za kuzirithi. Ukuta unabaki na mabaka yaliyochubuka.

Ukuta huo una kazi mbili. Hufyonza maji na virutubisho kutoka kwa chakula, na pia huzuia vijidudu vya tumboni visiingie kwenye damu. Ukichubuka, maji hayafyonzwi vizuri, hivyo mgonjwa huhara. Wakati huohuo mlango unabaki wazi kwa vijidudu. Jambo hili ni zito zaidi kwa sababu chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa dawa nyingi hushuka hadi kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kudungwa. Ukuta umebomoka, na askari ni wachache.

Matokeo yake hayaishii kwenye maumivu. Mgonjwa anayehara sana hupungukiwa na maji na chumvi, hukonda, na figo zake zinaweza kuumia. Daktari hulazimika kupunguza kipimo cha dawa au kuahirisha mzunguko unaofuata. Wapo pia wagonjwa wanaoamua wenyewe kutorudi kliniki kwa kuogopa mateso hayo. Kila mzunguko unaokosekana huipa saratani nafasi ya kujikusanya tena. Kwa hiyo kulinda tumbo ni sehemu ya kutibu saratani yenyewe.

BAKTERIA WA TUMBONI WANAHUSIKAJE?

Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi wao hawana madhara, na wengi husaidia. Husaga mabaki ya chakula ambayo mwili umeshindwa kuyasaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwabana bakteria waharibifu wasipate nafasi. Tibakemikali huvuruga jamii hiyo. Dawa za kuua bakteria, ambazo mgonjwa wa saratani hupewa mara kwa mara akipata homa, huivuruga zaidi.

Wakati mwingine bakteria hao wenyewe huongeza madhara ya dawa. Mfano unaoeleweka vizuri ni wa dawa iitwayo irinotekani, inayotumiwa hasa kwa saratani ya utumbo mpana. Mwili huigeuza dawa hiyo kuwa kemikali kali inayoua seli za saratani. Kazi yake ikiisha, ini huifunga kemikali hiyo kwa kipande cha sukari ili isidhuru tena, kisha huitoa kupitia nyongo hadi utumboni itoke na choo. Ni kama mzigo wa lori uliofungwa lakiri mpakani ili upite bila kufunguliwa njiani.

Lakini baadhi ya bakteria wa utumbo wana kimeng'enya kinachokata kile kipande cha sukari. Lakiri inavunjwa, sumu inakuwa huru tena, na safari hii iko katikati ya utumbo. Mgonjwa huanza kuhara vibaya siku kadhaa baada ya kupata dawa. Mwaka 2010, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walionyesha kwamba kukizuia kimeng'enya hicho cha bakteria, bila kuwaua bakteria wenyewe, kuliwakinga panya dhidi ya kuhara kunakoletwa na irinotekani. Utafiti huo ulitoa funzo kubwa: ukibadilisha kinachofanywa na bakteria, unaweza kubadilisha jinsi mgonjwa anavyoumizwa na dawa.

PROBIOTIKI NI NINI?

Probiotiki ni vijidudu hai vinavyotumiwa kwa kiasi cha kutosha ili kumletea mtu manufaa ya kiafya. Vinaweza kuwa bakteria au hamira za aina fulani. Huuzwa katika vidonge, unga au maziwa ya mtindi yaliyoongezwa bakteria maalumu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle alichunguza kinyesi cha askari mmoja ambaye hakuugua ilhali wenzake walikuwa wakiharishwa na maradhi ya tumbo. Alipata humo aina ya bakteria ambayo mpaka leo inaitwa E. coli Nissle 1917. Jina E. coli huwatisha wengi kwa sababu baadhi ya jamaa zake husababisha magonjwa, lakini aina hii ya Nissle imetumiwa kama dawa ya tumbo nchini Ujerumani kwa miongo mingi.

Probiotiki za kawaida zina mipaka yake. Hupita tumboni, husaidia kidogo, kisha nyingi hutoka. Haziwezi kuagizwa zitengeneze dawa fulani mahali fulani. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuwabadilisha bakteria hao jeni.

BAKTERIA KAMA KARAKANA NDOGO

Kubadilisha jeni za bakteria si jambo geni hospitalini. Insulini ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hujidunga kila siku hutengenezwa kwa njia hii. Wanasayansi huchukua maagizo ya mwili wa binadamu ya kutengeneza insulini na kuyapandikiza ndani ya bakteria au hamira. Vijidudu hivyo huzaana kiwandani na kutengeneza insulini kwa wingi. Insulini ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1982.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika insulini, kazi hufanyika kiwandani. Dawa huchujwa na kusafishwa, na anayedungwa hapokei bakteria hata mmoja. Katika probiotiki zilizobadilishwa jeni, bakteria hai ndiye anayemezwa, na kazi hufanyika ndani ya tumbo. Karakana inapelekwa mahali palipoharibika.

Manufaa yanayotarajiwa ni mawili. Kwanza, dawa nyingi za kuponya utando ni protini, na protini ikimezwa kama kidonge cha kawaida husagwa kama nyama kabla ya kufika inakotakiwa. Bakteria anaweza kuitengenezea palepale kwenye kidonda. Pili, dawa inabaki zaidi ndani ya utumbo badala ya kuzunguka mwili mzima. Hili ni muhimu kwa mgonjwa wa saratani, kwa sababu kitu kinachochochea seli za utumbo zikue kinaweza pia kuchochea seli za saratani kikisambaa mwilini.

Kazi ya mwanzo iliyojulikana sana katika uwanja huu ilitoka Ubelgiji. Mwaka 2000, kundi la watafiti likiongozwa na Lothar Steidler lilitumia bakteria aitwaye Lactococcus lactis, ambaye kwa karne nyingi ametumika kugandisha maziwa na kutengeneza jibini. Walimpandikiza maagizo ya kutengeneza protini inayotuliza uvimbe, naye akapunguza uvimbe wa utumbo kwa panya. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo nchini Uholanzi lililohusisha wagonjwa 10 wenye ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe sugu wa utumbo. Lilionyesha kwamba binadamu wanaweza kupewa bakteria wa namna hiyo chini ya uangalizi wa karibu.

MAJARIBIO YA TIBAKEMIKALI

Kutoka hapo, watafiti waligeukia madhara ya dawa za saratani. Mwaka 2017, watafiti nchini Brazil na wenzao walichapisha matokeo kuhusu Lactococcus lactis aliyebadilishwa ili atengeneze protini ya binadamu inayolinda ukuta wa utumbo. Panya waliopewa dawa ya saratani iitwayo fluorourasili, ambayo hutumiwa sana kwa saratani za tumbo na utumbo, waliumia kidogo zaidi kwenye utando walipopewa bakteria hao.

Mwaka 2019, kundi la Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani lilitumia yule bakteria wa Nissle. Lilimbadilisha ili atengeneze nyuzinyuzi zinazonata, zikiwa zimebeba protini inayosaidia kufunga vidonda vya utando. Ni kama bakteria anayebandika plasta ndani ya utumbo. Jaribio hilo lilifanywa kwa panya wenye uvimbe wa utumbo, si panya waliopewa tibakemikali, lakini linaonyesha njia ambayo watafiti wanaifuata.

Kundi jingine nchini Marekani, ambalo James Collins ni mmoja wa viongozi wake, lilishughulikia uharibifu unaoletwa na dawa za kuua bakteria. Mwaka 2022 lilichapisha kazi kuhusu Lactococcus lactis anayeivunjavunja dawa ya ampisilini ndani ya utumbo wa panya ili bakteria wema wasife. Kiwango cha dawa kwenye damu hakikupungua, kwa hiyo dawa ilibaki na uwezo wa kutibu mwili.

Dawa iliyofika mbali zaidi kwa wagonjwa wa saratani wenyewe iliitwa AG013. Haikuwa ya kumeza. Ilikuwa ya kusukutua mdomo, kwa sababu vidonda vya mdomoni na vya utumboni vina chanzo kimoja. Ndani yake mlikuwa na Lactococcus lactis aliyebadilishwa ili atoe protini inayolinda utando. Jaribio la mwanzo kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, lililochapishwa mwaka 2013, lilitia moyo: dawa haikuleta madhara makubwa, na kulikuwa na dalili za kupungua kwa vidonda. Likafuata jaribio kubwa zaidi, ambapo nusu ya kazi ni kulinganisha wanaopata dawa halisi na wanaopata sukutuo lisilo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Dawa haikuonyesha tofauti ya kutosha kufikia lengo kuu la jaribio.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa kila habari ya "bakteria wapya wa kutibu tumbo" inaposambaa kwenye simu. Jambo linaweza kufaulu kwa panya, likatia moyo kwa wagonjwa wachache, kisha lisifaulu kwa wengi. Huko si kudanganywa. Ndivyo dawa zinavyopimwa, ili ile inayofika kwa mgonjwa iwe imethibitishwa. Utafiti unaendelea, na kila jaribio lisilofaulu huwafundisha watafiti ni protini ipi, bakteria yupi na kipimo kipi cha kujaribu tena.

KWA NINI TAHADHARI NI KUBWA

Kumpa mtu bakteria hai wakati askari wa mwili wake ni wachache ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Yapo maswali manne ambayo watafiti na wadhibiti wa dawa hutaka yajibiwe.

La kwanza ni kama bakteria anaweza kupenya ukuta uliochubuka na kuingia kwenye damu. Hili limewahi kutokea hata kwa probiotiki za kawaida. Madaktari wameripoti wagonjwa mahututi, au wenye kinga dhaifu, waliopata maambukizi ya damu kutokana na bakteria au hamira iliyokuwa kwenye probiotiki. Mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa probiotiki watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu hiyohiyo.

La pili ni kama bakteria aliyebadilishwa anaweza kuishi nje ya mwili, kwenye vyoo, mito na mashamba. Watafiti wa Ubelgiji walitafuta jibu kwa kuondoa jeni moja ambayo bakteria anaihitaji ili atengeneze kiungo muhimu cha uhai wake. Bakteria huyo huishi tu pale anapopewa kiungo hicho. Asipokipata, hufa. AG013 nayo ilikuwa na kinga ya namna hiyo.

La tatu ni kama jeni iliyopandikizwa inaweza kuhamia kwa bakteria wengine wa tumboni. Bakteria wana desturi ya kupeana jeni, kwa hiyo wanaotengeneza dawa hizi hutakiwa kuonyesha kwamba hilo limezuiwa.

La nne linahusu bakteria mwenyewe. Yule wa Nissle, kwa mfano, ana jeni za kutengeneza kemikali inayoweza kudhuru vinasaba vya seli. Kemikali hiyo, ikitoka kwa jamaa zake wengine, imehusishwa na saratani ya utumbo mpana. Kwa sababu hiyo, watafiti wanatafuta njia za kuiondoa sehemu hiyo kabla ya kumtumia kwa wagonjwa wa saratani.

Nchini Kenya, dawa yoyote ya binadamu hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu kabla ya kuuzwa. Jaribio lolote la dawa kwa watu hutakiwa kupata idhini, na mshiriki hutia sahihi baada ya kuelezwa faida na hatari kwa lugha anayoielewa. Mshiriki ana haki ya kujiondoa wakati wowote. Mtu akimjia mgonjwa nyumbani, sokoni au kwenye simu akimwuzia "bakteria waliotengenezwa maabara kwa ajili ya kimo", huyo hauzi dawa iliyopita njia hiyo.

MAZIWA YA KIBUYU NA VIDONGE VYA KEMISTI

Maziwa yaliyoganda yana heshima yake katika nyumba nyingi. Mursik ya kibuyu, maziwa mala na uji uliochachushwa vimelisha familia kwa vizazi, na ndani yake wamo bakteria wa jamii inayofanana na ile ya maabara. Kwa mtu mwenye afya ni chakula kizuri.

Kwa mgonjwa anayepata tibakemikali mambo hubadilika. Maziwa ambayo hayakuchemshwa kabla ya kugandishwa yanaweza kuwa na vijidudu vya bruselosi na vingine vya hatari. Kibuyu kinachotumiwa tena na tena hakijulikani kimebeba bakteria gani. Katika siku ambazo chembe nyeupe za damu ziko chini, kikombe kimoja kinaweza kuwa mwanzo wa homa ya kulazwa. Vilevile, utando ukichubuka baadhi ya wagonjwa hushindwa kusaga sukari ya maziwa kwa muda, hivyo maziwa huwazidishia kuhara.

Kuhusu vidonge vya probiotiki, kuna tafiti zilizoonyesha kwamba aina fulani husaidia kupunguza kuhara, hasa kwa wagonjwa wanaopata mionzi ya sehemu ya nyonga. Lakini aina si moja, vipimo si kimoja, na mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka au aliyewekewa mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa yuko katika hatari zaidi. Uamuzi huo ni wa daktari anayemtibu, aliyeona kipimo cha damu cha wiki hiyo. Mgonjwa asijinunulie, na mwenye duka la dawa asimuuzie kabla ya kumwuliza kama yuko kwenye matibabu ya saratani.

KINACHOFANYA KAZI LEO

Wakati dawa za bakteria zikisubiriwa, zipo hatua rahisi ambazo huokoa maisha.

Kabla ya kurudi nyumbani: Mgonjwa aulize jina la dawa aliyopewa, kama huleta kuhara, na siku ambazo damu yake itakuwa chini. Aandike nambari ya simu ya kliniki mahali ambapo kila mtu nyumbani anapaona.

Kuhara kukianza: Ahesabu mara anazokwenda haja kwa siku na kuzilinganisha na kawaida yake. Idadi hiyo humsaidia daktari kuliko maneno "tumbo linasumbua". Aanze mara moja kunywa maji ya ORS, akifuata kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na anywe kidogo kidogo mara nyingi.

Dawa ya kufunga tumbo: Asinywe kabla ya kuongea na kliniki. Wakati mwingine ndiyo dawa inayofaa, na daktari humpa mgonjwa mapema aende nayo nyumbani. Wakati mwingine kuhara kunatokana na maambukizi, na kulifunga tumbo huongeza hatari.

Chakula: Apewe vyakula laini visivyo na mafuta mengi wala pilipili, kama vile uji, wali, ndizi za kupikwa, viazi vya kuchemsha na supu nyepesi. Maji yachemshwe. Matunda yaoshwe na kumenywa. Nyama na mayai viive kabisa. Anayepika anawe mikono kwa sabuni.

Mdomo: Atumie mswaki laini, na asukutue mara kadhaa kwa siku kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.

Dalili zisizongoja asubuhi: Joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, damu kwenye choo, kuhara usiku na mchana, kutapika kila anachokunywa, kizunguzungu, au mkojo kuwa mchache na mweusi. Mgonjwa apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane, na mara tu anapofika msindikizaji aseme: "Huyu anapata tibakemikali." Maneno hayo hubadilisha kasi ya huduma, kwa sababu homa ya mgonjwa wa namna hiyo haitibiwi kama homa nyingine.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, mgonjwa anaweza kupata bakteria waliobadilishwa jeni katika hospitali ya kaunti?
La. Hakuna dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa kukinga utumbo dhidi ya tibakemikali.

Je, mgonjwa aahirishe matibabu mpaka dawa hiyo ipatikane?
La. Saratani haingoji. Madhara mengi ya tumbo hudhibitiwa yakiripotiwa mapema, na daktari anaweza kubadilisha kipimo au aina ya dawa.

Je, kuhara sana ni ishara kwamba dawa inaua saratani?
La. Kuhara huonyesha utando umeumia. Wapo wanaopona bila kuhara, na hakuna sababu ya mgonjwa kuvumilia kimya.

Je, anayetumia dawa za mitishamba aseme?
Ndiyo. Baadhi huharisha, na baadhi huingilia kazi ya ini inayosafisha dawa. Muuguzi akiuliza hataki kumgombeza mtu. Anataka kujua ni nini kingine kimo mwilini.

Je, mhudumu wa afya ya jamii ana kazi gani hapa?
Anapomtembelea mgonjwa nyumbani anaweza kuuliza idadi ya safari za choo, kupima joto, kuhakikisha ORS ipo, na kupiga simu kliniki iwapo mgonjwa anaona haya kusema.

Aibu hiyo ndiyo inayochelewesha wengi. Mzee hataki kumwambia bintiye kwamba amechafua shuka. Mama anasema "ni kawaida ya dawa" mpaka anapoanguka. Familia inayomwuliza mgonjwa kila jioni, kwa upole na bila kuchoka, jinsi tumbo lilivyoshinda, inafanya leo sehemu ya kazi ambayo wanasayansi wanatumaini bakteria wao wataisaidia siku moja: kuliona jeraha la utumbo mapema na kulihudumia kabla halijamkosesha mgonjwa mzunguko unaofuata wa matibabu.